Injini Ndogo, Ziwa Kubwa

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya visiwani na vya ufuoni, siku vilipokutana kuzungumza juu ya usafiri wa majini. Tuliombwa tuyaandike ili wale ambao hawakufika nao wayapate.)

 

Sisi si wataalamu. Tuko kama nyinyi: wauza omena, wakulima wa mahindi na mtama, fundi wa mbao mmoja na wavuvi wachache. Tulichanga pesa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, tukanunua boti ya mbao na injini ya nguvu ya farasi 25, ili tuvuke kwenda sokoni Mbita bila kungojea boti za watu. Siku ile injini ilipofika tuliimba na kucheza bichi mpaka jua likazama. Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Watu husema ajali haina kinga. Neno hilo hata sisi tulilisema, tena kwenye mazishi. Leo tumekuja kuwaambia kwamba kinga ipo, na kwamba sehemu kubwa ya kinga hiyo haiko kwenye injini wala kwa nahodha. Iko katika kikao chenu, pale mnapokata shauri juu ya pesa.

Jambo lililotupata

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mvua ndefu, nahodha wetu alikataa kuondoka asubuhi moja ya siku ya soko. Ni mzee aliyezaliwa ziwani. Alitazama wingu upande wa magharibi akasema, "Leo tungoje kwanza." Tukangoja mpaka saa tano. Wingu likapita mbali, mvua haikunyesha kwetu, na soko likatupita. Jioni tukakaa kikao. Hasira ilikuwa nyingi. Omena ilikuwa imeshika unyevu, na wengine walikuwa na deni la kulipa siku hiyo. Tukamtoza mzee wetu faini ya shilingi mia tano, na katibu akaandika katika kitabu cha kikundi kwamba nahodha aonywe asipoteze wakati wa wanachama. Maandishi hayo yapo hadi leo. Hatukuyafuta.

Siku ya soko iliyofuata mzee hakukataa. Fundi aliyetengeneza boti alikuwa ametuambia kwamba inabeba watu kumi na wanne. Wakati wa kurudi alasiri ilibeba ishirini na wawili, pamoja na unga, sukari na mifuko ya saruji. Majaketi ya kuokoa maisha tulikuwa nayo kumi na mawili. Tulipewa na wafadhili. Siku hiyo yalikuwa yamefungiwa stoo, yakiwa bado ndani ya nailoni zake, maana hatukutaka yachafuke kabla wafadhili hawajarudi kuyaona.

Upepo wa alasiri ulikuwa unatoka ziwani, nasi tulikuwa tunaukabili. Boti ilikaa chini mno. Wimbi la kwanza lilitulowesha miguu, watu wakacheka. La pili lilijaza nusu ya boti. Watu wakasimama, wengi wakakimbilia upande mmoja. Injini ikanyamaza, boti ikageuka ubavu kwa mawimbi, ikapinduka.

Boti ya mbao haizami upesi. Tuliishika pande zote, tukapiga kelele. Kijana wetu wa kufunga kamba, miaka kumi na tisa, alikuwa mwogeleaji kutushinda sote. Aliona ufuo kama uko karibu. Akasema anakwenda kuita watu. Mzee alimkataza, lakini alikuwa ameshaondoka. Baada ya muda wavuvi walituona wakaja. Wote ishirini na mmoja tulioshika boti tuliokolewa. Kijana wetu tulimpata siku ya tatu.

Baada ya mazishi tulikaa tena. Mmoja wetu akamuuliza mzee kwa nini alikubali kuondoka na watu ishirini na wawili. Akajibu kwa upole kwamba hakuwa na mia tano nyingine.

Jameni, majuto ni mjukuu. Tangu siku ile tulianza kujifunza, kwa wavuvi wazee, kwa mafundi na kwa maofisa wa serikali. Yale tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea.

Mzigo: hesabu kilo, msihesabu vichwa tu

Msidhani haya ni mambo ya boti ndogo tu. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilizama mita chache tu kutoka ufuoni, watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa letu hili upande wa Tanzania, kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi, na vyote viwili vilikuwa karibu na nchi kavu. Kwa hiyo asije mtu akawaambia, "Ni hapa tu, tutafika."

Hesabu yetu ni hii. Tunachukulia kwamba mtu mzima ni kilo 75. Watu kumi na wanne, pamoja na nahodha na msaidizi wake, ni kilo 1,050. Huo ndio uwezo wa boti yetu siku ya maji matulivu. Gunia la mahindi la kilo 90 ni mtu mmoja na zaidi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Mkipakia magunia manne ya mahindi mmeongeza kilo 360, karibu sawa na watu watano. Basi wabaki watu tisa, si kumi na wanne. Na siku ya upepo punguzeni tena.

Kwa vile si wote tunaojua hesabu, fundi alitupakia boti mzigo wake halali, ikiwa majini penye utulivu, akachora mstari mwekundu ubavuni pande zote mbili. Maji yakigusa mstari, kupakia kumekwisha. Hata mtoto anaona. Mama mwenye kikapu cha mwisho akilalamika, anaonyeshwa mstari, hagombani na mtu.

Mzigo mzito ukae chini, katikati. Usipangwe juu ya ubao wala upande mmoja. Watu waketi, wasisimame wala kukalia ukingo. Boti ikikaribia bichi, hakuna kuinuka mpaka ifungwe. Hapo ndipo wengi hukimbilia upande mmoja kwa pamoja, na boti ndogo haivumilii jambo hilo.

Jaketi ni la kuvaliwa

Jaketi lililo stoo halimwokoi mtu. Lililo chini ya ubao, limekaliwa na magunia, nalo ni vivyo hivyo. Boti ikipinduka hakuna wakati wa kutafuta kamba na kufunga vifungo. Kwetu sasa ni sheria: hakuna jaketi, hakuna safari, na jaketi huvaliwa ukiwa bado bichi. Mtoto apewe la kipimo chake, maana la mtu mzima humtoka kichwani akiingia majini. Kila mwezi tunayaanika kivulini, tunavuta kamba zake kuona kama zimeoza, na tunayajaribu majini penye kina kifupi. Lile ambalo haliwezi kumshikilia mtu tunalichana, ili asije mwingine akalitumaini.

Majaketi yetu sasa ni machafu kabisa. Yananuka omena. Tunayaona hivyo tunafurahi.

Injini na mafuta

Injini nyingi ndogo tunazotumia ni zile zinazochanganya oili na petroli. Kipimo cha kawaida kwa nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Yaani kwa lita 20 weka mililita 400, kwa lita 10 weka mililita 200, kwa lita 5 weka mililita 100. Lakini someni kitabu cha injini yenu kwanza, kwa sababu hazifanani, na injini mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo. Tumieni oili iliyotengenezwa kwa injini za boti za namna hiyo. Oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwa gari si akiba, ni kuua injini. Na injini ikifia katikati ya ziwa, mtajua ubahili umegharimu kiasi gani.

Mafuta mangapi? Fuateni hesabu ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda, la pili la kurudi, la tatu la dharura. Mkijua kwamba kwenda hutumia lita 6, ondokeni na lita 18. Lile fungu la tatu si la kuuza wala la kukopesha. Mkikabili mawimbi, injini hula mafuta zaidi kuliko siku ya utulivu.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini ya boti ukakaa hapo kama maji yasiyoonekana, ukingoja kiberiti. Kwa hiyo jazeni tangi likiwa nchi kavu, abiria wakiwa bado hawajapanda, na sigara ikae mbali. Mafuta yakimwagika botini, panguseni na mwache hewa ipite kabla ya kuwasha.

Injini ikishawaka, tazameni nyuma. Kuna kijito kidogo cha maji kinachoruka kutoka kwenye injini. Kijito hicho kinawaambia kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Kisipoonekana, zimeni mara moja, la sivyo injini itaungua. Sisi tulio pande za ghuba tunajua sababu kubwa: magugu maji huziba tundu la kuvutia maji na kujizungusha kwenye propela. Yakishika, zimeni injini kabisa, inueni juu, ndipo myatoe kwa mkono. Propela inayozunguka haijui mkono wa nani ni nani.

Kuna kamba ndogo, mara nyingi nyekundu, inayofungwa kwenye kitufe cha kuzimia injini. Wengi wetu tuliiona kama pambo. Kamba ile hufungwa kwenye mkono au mguu wa nahodha. Akitupwa majini, kamba inachomoka na injini inazima. Bila kamba, boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia aliyeanguka, pamoja na propela yake.  Ifungeni.

Mwisho wa habari za injini: bebeni plagi ya akiba, spana ya plagi, pini ya propela ya akiba, koleo na kitambaa kikavu. Na hata mkiwa na injini nzuri namna gani, bebeni makasia mawili. Injini ni mgeni, makasia ni wenyeji.

Kusoma anga

Ziwa letu, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake si kirefu, wastani wake ni kama mita 40. Kwa hiyo upepo ukivuma, mawimbi huamka upesi, mafupi na ya kufuatana. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka katika ziwa hili, ukijumlisha nchi zote tatu. Hao ni watu wa bichi kama za kwetu.

Kuna mpango katika upepo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku huwa kinyume: nchi hupoa, pepo za kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, na mvua kubwa yenye radi huzaliwa huko, hasa usiku wa manane na alfajiri. Ndiyo maana mvuvi anaweza kuondoka nyota zikiwa wazi na kukutwa na dhoruba.

Asubuhi sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni, na waulizeni watu wa kamati ya bichi, yaani BMU. Kisha tazameni wenyewe. Wingu jeusi lililosimama kama mlima, upepo wa baridi unaokuja ghafla baada ya utulivu, mstari mweusi juu ya maji kwa mbali: yote haya yanasema rudini, au msiondoke. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka msikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa hesabu inapungua, dhoruba inawajia.

Njiani

Mkikutwa na mawimbi, punguzeni mwendo. Yakabilini kwa pembe, wimbi lipige karibu na bega la boti, si uso kwa uso na si ubavuni. Abiria washuke kwenye mbao wakae chini sakafuni. Msaidizi akumbe maji bila kungoja yajae. Msigeuke ghafla. Mkilazimika kurudi, ngojeni nafasi ya utulivu kati ya mawimbi makubwa, ndipo mgeuke.

Injini ikizima, shusheni nanga kutoka mbele ya boti, kamwe si kutoka nyuma. Nyuma ni chini na ni nzito kwa sababu ya injini. Mkiifunga huko, wimbi litaingia moja kwa moja. Kamba ya nanga iwe ndefu mara tano ya kina cha maji au zaidi, la sivyo nanga itaburuzwa tu. Ikiwa kina kinashinda kamba yenu, fungeni ndoo kwenye kamba muitupe kutoka mbele. Itasaidia kuigeuza boti ikabili mawimbi.

Mkikutana na boti nyingine uso kwa uso, kila mmoja aende kulia kwake. Mwenye injini humpisha mwenye tanga na mwenye kasia. Anayempita mwenzake ndiye anayekaa mbali. Usiku washeni taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mwe na tochi ya kumulika na firimbi.

Heshima pia ni usalama. Mkikaribia bichi, endesheni pole pole. Pale kuna watoto wanaoogelea, na akina mama wanateka maji na kufua. Wimbi la boti yenu linaweza kumwangusha mtoto au kujaza mtumbwi wa mzee maji. Zungukeni nyavu za watu, msizikate mkaenda zenu. Mkikata kwa bahati mbaya, rudini mkaseme. Wala msimwage oili ziwani. Maji yale yale tunayapikia chai.

Ikipinduka

Shikeni boti. Msiiache. Tunalirudia neno hili kwa sababu tulilinunua ghali. Ufuo unaoonekana karibu huwa mbali kwa mtu aliye ndani ya maji, na mawimbi huchosha hata mwogeleaji hodari. Boti iliyopinduka huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Hesabuni watu, watoto wawekwe juu ya mgongo wa boti, pigeni firimbi. Wenye simu wafunge simu zao ndani ya nailoni mbili kabla ya safari, na namba za BMU na za polisi, 999 au 112, wazijue.

Mkimtoa mtu majini asiyepumua, msimning'inize kichwa chini wala kumkanda tumbo. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu chake, bananeni pua, mpulizieni pumzi tano mdomoni. Asipoamka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, kisha pumzi mbili, mrudie hivyo bila kuacha mpaka apumue au apate mhudumu wa afya. Na hata akiamka, apelekwe hospitali, maana maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumsumbua baadaye.

Neno la nahodha

Sasa tunafika penye kiini. Yote tuliyosema mnaweza kuyajua na bado mkazama, kama yule anayeyajua hana nafasi ya kusema. Mzee wetu alijua. Alijua kabla yetu sote. Sisi ndio tuliomfunga mdomo kwa mia tano.

Kwa hiyo tuliandika sheria mpya katika kitabu kile kile, ukurasa unaofuata ule wa faini. Ya kwanza: nahodha akisema hatuondoki, hatuondoki, na hatoi sababu mbele ya abiria. Ya pili: siku hiyo analipwa ujira wake kama aliyesafiri. Ya tatu: kila safari tunaweka shilingi kidogo kwenye mfuko wa siku za kungoja, ili mama ambaye omena yake imeharibika apate cha kuanzia. Ya nne: nahodha aliyekunywa pombe hashiki usukani, hata akiwa mwenyekiti. Ya tano: boti ipelekwe kukaguliwa na maofisa wa mamlaka ya usafiri wa majini, yaani KMA, na karatasi zake zisomwe kikaoni, zisifichwe kabatini.

Tuliulizwa hapa asubuhi, na je, mama akishikwa na uchungu usiku wa manane kisiwani? Swali hilo ni gumu, na hatutawadanganya. Kwetu nahodha bado ndiye anayesema. Akikubali, wanakwenda manahodha wawili, mgonjwa na mtu wake mmoja au wawili, wote wamevaa majaketi, taa imewashwa, na bichi ya ng'ambo imepigiwa simu itungoje. Hapandi mtu mwingine wa kudandia safari, wala gunia. Lakini jambo bora zaidi ni kuwavusha mapema. Siku hizi mama mjamzito anayekaribia wakati wake tunamvusha mchana, akakae kwa jamaa karibu na hospitali.

Tuwaambie na jambo moja la mwisho. Mwaka uliofuata, mzee alikataa tena kuondoka siku ya soko. Tukangoja. Mvua haikuja. Upepo haukuja. Ziwa lilikuwa kama kioo mchana kutwa, na omena ya watu wanne iliharibika. Tuseme ukweli, tulinung'unika. Wengine walitaka kikao. Jioni tukakaa, mweka hazina akafungua sanduku, akamhesabia mzee ujira wake wote mbele yetu, kisha akawapa wale wanne kutoka kwenye mfuko wa siku za kungoja. Hakuna aliyesema neno. Mzee akapokea, akatia mfukoni, akaenda kukagua kamba za boti.

Siku hiyo ndiyo tuliyojua kwamba tumejifunza. Kumlipa nahodha siku dhoruba imekuja ni rahisi. Kazi ni kumlipa siku haikuja.

 Mfike nyumbani salama, na mkivuka leo, vaeni majaketi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Boti yenu inabeba kilo ngapi? Nani alipima, na alama iko wapi?

2. Majaketi yenu yako wapi saa hii? Ni mangapi, na la watoto lipo?

3. Mara ya mwisho nahodha wenu kukataa kuondoka ilikuwa lini? Mlimwambia nini?

4. Siku ya kungoja, ni nani kati yenu anayeumia zaidi, na kikundi kinaweza kumsaidiaje?